Bukhara hadi Samarkand: Siku Tano kwa Treni

Anayehudhuria darsa za Ramadhani hulisikia jina la Bukhara kila siku, na mara nyingi hata hakumbuki kwamba ni jina la mji. "Amepokea Bukhari," husema sheikh, na darsa ikaendelea. Bukhari ni mtu wa Bukhara, na Bukhara ipo hadi leo, ndani ya nchi ya Uzbekistan, ina stesheni ya treni na nyumba za wageni za bei nafuu. Imamu Muhammad bin Ismail, ndiye huyo Bukhari wa hadithi, alizaliwa huko mwaka 810. Kaburi lake, hata hivyo, liko Khartank, kijiji cha jirani na mji wa Samarkand, ulio mashariki ya Bukhara. Treni ya kawaida huunganisha miji hiyo miwili kwa kiasi cha saa mbili na nusu. Mwenye siku tano na fedha za kuhesabu anaweza kuifuata njia hiyo tangu alikozaliwa Imamu mpaka alikozikwa.

Wageni wengi wanaoshuka uwanja wa ndege wa Tashkent, mji mkuu, huanzia Samarkand kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Mimi nashauri kinyume: panda treni ya usiku mpaka Bukhara, kisha urudi taratibu mchana. Treni ya usiku hukuokolea fedha za hoteli ya siku moja. Behewa la bei ya chini, wanaloliita platskart tangu enzi za Urusi, lina vitanda vingi na halina vyumba vya kufunga. Ukitaka faragha kidogo lipia kupe, chumba cha watu wanne. Shuka utapewa, na maji ya moto yapo mwisho wa behewa, kwa hiyo beba kikombe na majani ya chai. Tiketi huandikwa jina na namba ya pasipoti, nayo pasipoti hukaguliwa kabla hujaingia stesheni. Usiiache ndani kabisa ya begi.

Stesheni ya Bukhara haiko Bukhara. Iko Kagan, zaidi ya kilomita 10 kutoka mji mkongwe. Warusi walipoleta reli miaka ya 1880, Amiri wa Bukhara hakutaka ipite karibu na mji wake, na inasimuliwa kwamba watu waliiita treni gari la shetani. Kwa hiyo patana bei na dereva kabla ya kuingia kwenye teksi, au panda basi dogo pamoja na wenyeji.

Ndani ya mji wenyewe hutahitaji gari tena. Mnara wa Kalyan umesimama pale tangu 1127, una urefu wa karibu mita 46, umejengwa kwa matofali ya kuchoma peke yake, na kila mshipi wa matofali umepangwa kwa nakshi yake. Kuutazama ni bure, na asubuhi na mapema unakuwa peke yako nao. Jeshi la Genghis Khan liliuangamiza mji mwaka 1220, mnara ukabaki. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuusifu sana mji wa Kilwa, alipita Bukhara miaka miwili hivi baadaye akaukuta bado una magofu, zaidi ya karne moja baada ya vita. Mimi kila nikisimama chini ya mnara ule huifikiria Kilwa, kwa sababu macho ya mtu mmoja yaliiona miji yote miwili, mmoja ukiwa katika neema na mwingine ukiwa umevunjika, na leo mambo yamegeuka.

Ng'ambo ya uwanja iko madrasa ya Mir-i-Arab. Ilifungwa chini ya utawala wa Kisovieti, ikafunguliwa tena miaka ya 1940, na kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa mahali pachache mno katika dola ile palipowafundisha wanavyuo wa Kiislamu. Jioni kaa kando ya bwawa la Lyabi Hauz, chini ya miforsadi, ukinywa chai ya kijani.

Lugha nayo haitakutupa mkono. Duka ni do'kon, kitabu ni kitob, habari ni xabar, dunia ni dunyo. Sambusa yao ni somsa, huokwa kwenye tanuri, nayo tanuri wanaiita tandir. Pilau ni palov, wali wenye karoti tele, nyama ya kondoo na bizari nyembamba. Hupikwa asubuhi kwa masufuria makubwa na huliwa mchana. Ukichelewa, utakuta imekwisha.

Kwa safari ya Samarkand zipo treni mbili za kuchagua. Afrosiyob, iliyoundwa Hispania kukimbia hadi kilomita 250 kwa saa, hufika kwa saa moja na nusu hivi, lakini ni ghali zaidi na hujaa mapema, hasa Aprili, Mei, Septemba na Oktoba, miezi ambayo hewa ni nzuri. Sharq ni ya polepole na nafuu. Chagua Sharq, na ukae dirishani. Reli inakwenda na bonde la mto Zarafshan, jina la Kiajemi lenye maana ya mnyunyiza dhahabu. Humo mna zar, dhahabu, ile ile iliyotupa sisi neno zari. Mto unashuka kutoka milimani, unapita Samarkand, unagawanywa kwenye mifereji ya mashamba ya pamba, kisha unakauka jangwani baada ya Bukhara bila kufika popote. Wewe unaupanda mto huo. Mtu wa Shinyanga ataitambua ile pamba, na kwa kuuona mto atakuwa ameelewa kwa nini miji hii ilizaliwa hapa na si kwingine.

Samarkand ni mji mpana, na makaburi na madrasa zake maarufu zina kiingilio, basi chagua. Uwanja wa Registan, wenye madrasa tatu, unaonekana vizuri kutoka nje bila kulipa. Mimi fedha yangu ningeitumia kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Ulugh Beg, mtawala na mjukuu wa Amiri Timur. Yeye na wanazuoni wake walipima nyota zaidi ya 1,000 na kuziorodhesha mwaka 1437, bila darubini. Aliuawa mwaka 1449 kwa amri ya mwanawe, jengo likabomolewa, na mwaka 1908 wachimbaji wakakuta tao la kupimia likiwa bado limezama ardhini. Ndilo utakaloliona.

Asubuhi ya mwisho iachie Khartank. Ulizia hotelini habari za teksi za kuchangia, na uondoke mapema. Wapokezi wa habari za kale wanasema gavana wa Bukhara alimtaka Imamu aende kuwafundisha watoto wake ikulu, naye akakataa kuipeleka elimu mlangoni pa mtawala, na kwa hilo akauhama mji wake. Alifia Khartank usiku wa kuamkia Idi ya Fitri, mwaka 256 wa Hijria.