Jeni Zinazojenga Retina na Tumaini la Kuijenga Upya
Mgonjwa wa presha ya macho akishapoteza sehemu ya uoni wake, hairudi. Dawa ya matone hulinda kilichosalia tu, kwani seli za gangilioni, zipelekazo habari za nuru kutoka retina hadi ubongoni, zikifa kwa binadamu hazizaliwi nyingine. Samaki mmoja mdogo wa mito ya Asia ya Kusini, mwenye michirizi kama ya pundamilia, hana msiba huo. Retina yake ikijeruhiwa huiotesha upya, akaona tena baada ya majuma machache.

Chanzo cha tofauti hiyo kimo katika jeni zinazoijenga retina ya kijusi. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, seli za awali za retina hugawanyika zikiongozwa na jeni kama Pax6 na Vsx2, kisha hugawana kazi kwa zamu. Gangilioni hutangulia: Atoh7 huziandaa, Pou4f2 na Isl1 huzikamilisha. Crx huzielekeza nyingine kuwa vipokea nuru. Za mwisho kuzaliwa ni seli za Müller, ambazo huzitegemeza na kuzilisha zote.

Hizo za mwisho ndizo zenye kisa. Kwa samaki yule, jeraha huamsha ndani yake jeni ya Ascl1a. Seli hurudia ujana, hugawanyika, na kuzaa kila aina iliyopotea. Kwa panya jeni hiyo hubaki kimya, na jeni za kundi la NFI huzizuia seli zisirudi nyuma.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, waliiwasha Ascl1 katika seli za Müller za panya wakubwa, wakaongeza dawa inayolegeza DNA iliyokazwa ili jeni zilizozimwa zisomeke. Zikazaliwa seli za neva zilizoitikia nuru, lakini hazikuwa vipokea nuru wala gangilioni. Mwaka 2022 maabara hiyohiyo ilitumia pia Pou4f2 na Isl1, ikapata seli zinazofanana na gangilioni. Zinazofanana tu, neno hilo lisipuuzwe, hasa na wenye kutangaza tiba za miujiza. Gangilioni kamili hurefusha uzi wake kupitia neva ya jicho hadi ubongoni. Kwa kijusi safari hiyo ni fupi na ina alama za kemikali za kuiongoza. Kwa mtu mzima ni ndefu, na neva yenyewe huzuia nyuzi mpya zisikue.