Kabla hujasajili shirika Kibiti, linganisha bei

Anayetaka kufungua shirika la misaada wilayani Kibiti ana bahati moja: hesabu ngumu ilishapigwa hapohapo, Kibiti ikiwa bado sehemu ya Rufiji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya na taasisi ya utafiti ya Kanada, IDRC, zilianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa, nani kafariki na kwa ugonjwa gani, kisha majibu yakawekwa kando ya bajeti ya wilaya. Ikaonekana, kwa mfano kule Morogoro, malaria inabeba karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, huku ikipewa asilimia 5 tu ya fedha.

Wilaya zikaahidiwa nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, na fedha zikahamishwa zifuate magonjwa yenyewe. Miaka mitano hivi baadaye vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano Rufiji vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hiyo ndiyo bei ya kulinganishia. Yeyote anayekuja na wazo jipya aulizwe kwanza: dola 2 zako zinanunua nini?

Tuanze na chandarua chenye dawa. Kukinunua na kukifikisha kwa mtumiaji hugharimu takriban dola 5 au 6, na taasisi ya GiveWell ya Marekani, ambayo kazi yake ni kulinganisha misaada kwa bei, imekiweka kwa miaka mingi kwenye orodha yake ya juu. Lakini bei hiyo ni ya wastani. Kibiti mjini ipo kwenye barabara ya lami ya kwenda Lindi, gari linashusha mzigo mlangoni. Kata za delta, yaani Salale, Maparoni, Msala na Kiongoroni, ni habari nyingine: huko ni boti, petroli, na kusubiri maji yajae. Ukikosea maji, mzigo unalala kwenye matope ya mikoko na nahodha anakudai siku ya pili.

Halafu kuna dungu. Msimu wa mpunga familia huhamia shambani, zikalala kwenye kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Mgao unaohesabu nyumba za kijijini haulioni dungu, na chandarua cha nyumbani kikibaki nyumbani hakimsaidii aliye shambani. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo linalofaa kikundi kidogo: chandarua cha pili, kwa ajili ya dungu. Serikali haina sababu ya kukuzuia, na huhitaji kusubiri miaka kumi kujua kama kimesaidia.

Kigawiwe bure au kiuzwe kwa bei ndogo? Tanzania tulijaribu Hati Punguzo kuanzia 2004: mjamzito alipewa hati kliniki, akaongeza fedha kidogo dukani. Ilisaidia wengi, ila aliyekosa nyongeza alibaki na hati mkononi. Magharibi mwa Kenya, Jessica Cohen na Pascaline Dupas walipima jambo hilohilo kwenye kliniki za wajawazito. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na waliopewa bure hawakukitumia kidogo kuliko walionunua. Basi gawa bure.

Fedha taslimu nazo zina ushahidi mzito. Katika Kaunti ya Siaya, hukohuko Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,000 takriban dola 1,000 kila moja, na faida ikaenea hadi kwa majirani wasiopewa. Baada ya mafuriko kama ya Aprili 2024 ningezifikiria kabla ya magunia ya nguo za mitumba. Ila dola 1,000 ni vyandarua zaidi ya 150, na mfuko wa serikali, TASAF, tayari una daftari la kaya maskini. Kuandika daftari jingine ni kulipia kazi mara mbili.

Na kupanda mikoko? Ipandwe, lakini si kwa fedha zinazodai matokeo ya mwaka mmoja. Idadi ya miche siku ya picha si matokeo.

Inabaki gharama ya shirika lenyewe. Ukisajili NGO chini ya sheria ya 2002 utadaiwa taarifa ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Ni haki, lakini mkaguzi analipwa. Kwa wenye wazo la nchi nzima ipo njia ya Charity Entrepreneurship ya London, inayofunza waanzilishi na kuwapa wazo lililochunguzwa. Huko ndiko lilikotoka shirika la LEEP mwaka 2020, lililoanza kwa kupima risasi kwenye rangi za nyumba nchini Malawi. Kwa vijiji vitano vya delta hiyo ni nguo kubwa mno. Kikundi kilichotambuliwa na halmashauri kinatosha.

Kabla ya kununua chochote, nenda zahanati. Mwombe mganga mfawidhi jumla za daftari la takwimu za afya, MTUHA: wangapi walipimwa malaria, wangapi walikutwa nayo, mwezi kwa mwezi, msimu uliopita. Omba na za zahanati jirani ambako hutagawa, maana mvua ikipungua malaria hushuka bila msaada wako. Baada ya mavuno linganisha. Kama za kwako hazikushuka kuliko za jirani, usiombe wafadhili awamu ya pili. Fedha iliyobaki ipeleke kwenye petroli ya boti ya chanjo.