Mpiga Piano Aliyevuka Bahari

Mpiga zumari husafiri na zumari yake kibindoni. Mpiga piano hawezi. Kinanda kile ni kizito kama kabati, naye kila mji aendao hana budi kupiga alichokikuta, kiwe kizima au kibovu. Hata hivyo Teddy Weatherford alizunguka nayo kazi hiyo katika mabara matatu.

Alizaliwa mwaka 1903 huko Virginia, Marekani. Jazi, muziki wa watu weusi wenzake, alijifunza New Orleans, kisha akapata sifa Chicago katika bendi ya Erskine Tate, pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta. Katika upigaji wa namna yake mkono wa kushoto hushika mwendo kama ngoma, sauti nzito kisha sauti nyepesi, na mkono wa kulia huuchukua wimbo na kuugeuza upendavyo. Mtu mmoja hufanya kazi ya watu watatu.

Mwaka 1926 alipanda meli kwenda Asia. Kwa nini aache sifa iliyokwisha kuiva? Twakumbuka kwamba Marekani ya siku zile mtu mweusi aliweza kupiga muziki katika hoteli asiyoruhusiwa kulala. Shanghai, bandari kuu ya Uchina, alipata cheo na mshahara mwema, na mwaka 1934 alirudi kwao kuichukua bendi ya Buck Clayton ije kupiga Canidrome, ukumbi wa dansi uliokuwa kando ya uwanja wa mashindano ya mbwa.

Lakini ubaguzi nao hupanda meli. Ugomvi na Mmarekani mweupe uliwatoa akina Clayton katika ukumbi ule, wakaenda kwenye ukumbi mdogo uliotaka nyimbo za Kichina. Basi wakajifunza nyimbo hizo. Na mtungaji Li Jinhui naye alikuwa akichanganya nyimbo za kwao na jazi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo jazi ilipoanza kuwa mali ya Wachina.

Weatherford alipiga santuri Paris mwaka 1937, kisha akakaa Bara Hindi. Calcutta, wakati wa vita, aliongoza bendi ya Grand Hotel, yenye wapigaji waliotoka Burma. Huko kipindupindu, ugonjwa uletwao na maji machafu, kilimwua mwezi Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 41.