Serumu haimzuii mzee kuanguka

Mzee akianguka, swali linaloletwa kwa wahudumu wa afya hapa Uvira, kuanzia Songo hadi Kalundu, ni lile lile: "Dokta, tumtundikie serumu ya vitamini arudishe nguvu?" Limeulizwa mno, na jibu lake halibadiliki: hapana. Chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani vijiko sita hivi vya chai. Ule umanjano unaowatia watu imani ni vitamini B iliyochanganywa humo, na sehemu kubwa yake hutoka na mkojo. Hakuna tone linaloingia pajani likageuka msuli. Familia inalipa chupa, sindano na mkono wa kuichoma, na kesho mzee anasimama kwa miguu ile ile iliyomwangusha jana.

Najua mtakavyonijibu: "Mbona mama alitundikiwa, akainuka, akatembea?" Naamini. Aliyeishiwa maji mwilini serumu humwokoa, na mji uliozoea kipindupindu hauhitaji kufundishwa hilo. Lakini mzee aliyechangamka baada ya serumu huenda ametuonyesha tu kwamba alikuwa hanywi maji: presha ilimshuka kila aliposimama, na yale maji yakaipandisha kwa saa chache. Wazee wengi hujinyima maji makusudi ili wasitoke usiku kwenda chooni gizani. Huyo anahitaji kunywa mchana, na kuwekewa ndoo kando ya kitanda. Na kama moyo wake umedhoofika, serumu inaweza kumjaza maji kwenye mapafu. Wengine huhamia kwenye vitamini D, ati ndiyo ya mifupa. Kweli, aliyepimwa akakutwa na upungufu atibiwe. Lakini utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa wanawake wa miaka 70 na zaidi dozi moja kubwa ya vitamini hiyo kila mwaka, na wakaanguka kwa asilimia 15 zaidi ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mifupa nayo ikavunjika zaidi. Kinachosaidia kinajulikana: uchambuzi wa mtandao wa watafiti wa Cochrane wa mwaka 2019, wa majaribio 108 yenye wazee zaidi ya 23,000, ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Hapo huja pingamizi la upendo, kwamba mzee amefanya kazi ya kutosha, sasa aketi, wajukuu wamletee kila kitu. Heshima hiyo inamdhoofisha. Paja lisilobeba mwili hunywea ndani ya wiki chache, na kila siku anayoketishwa kwa hofu ya kuanguka humsogeza karibu na kuanguka kwenyewe.

Basi ulizeni maswali yenye faida. Je, anaweza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono? Akiinuka, aende mita 3, ageuke, arudi aketi: akizidi sekunde 12, yumo hatarini. Mwombeni muuguzi ampime presha akiwa amelala, kisha dakika moja na dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zake zitazamwe upya na daktari. Pelekeni dawa zote anazomeza, pamoja na vile vidonge vya usingizi vya dukani, diazepam hasa, maana huangusha wazee. Aliyevizoea vidonge hivyo asiviache ghafla, daktari ampunguzie polepole. Macho yapimwe mtoto wa jicho. Kandambili zilizolegea zitupwe, tochi ikae karibu na mto, bidoni ziondolewe njiani. Kila siku ainuke na kuketi mara kumi, mtu akiwa kando yake, na atembee. Na akianguka, mguu ukaonekana mfupi na kupinda nje, au akashindwa kuukanyagia, msimkande wala msimwite fundi wa kunyoosha mifupa: huenda nyonga imevunjika, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.