Mkutano Upi Unamfaa Anayetaka Kuacha Pombe?

Kila tunapokaa na kamati za parokia kuzungumzia madhara ya pombe, swali huwa ni lile lile: "Tumempata mtu anayetaka kuacha. Tumpeleke wapi?" Mara nyingi hupelekwa kwenye kikundi chochote kilicho karibu. Akienda mara moja asirudi, kamati inahitimisha kwamba hana nia. Sisi tunaona kwamba pengine nia anayo, ila mkutano ule haukumfaa.

Kabla ya mkutano kuna hospitali. Mtu anayekunywa gongo kila siku, ambaye asubuhi mikono humtetemeka mpaka apate kidogo, asiachishwe ghafla nyumbani. Katika siku mbili tatu za mwanzo anaweza kushikwa na kifafa, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, na wengine hufariki. Kumfungia chumbani "mpaka pombe imtoke" ni hatari. Aonwe kwanza na daktari.

Mikutano inayojulikana zaidi ni ya Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, nchini Marekani, walipokutana Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji, wote wawili wakiwa watumwa wa pombe. Waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mke, mchungaji au daktari. Hakuna ada wala fomu. Sharti ni moja tu, hamu ya kuacha kunywa, na watu huitana kwa jina la kwanza. Hatua 12 wanazozifuata zinamtaja Mungu kwa namna kila mmoja anavyomfahamu, hivyo Mkristo na Mwislamu hukaa benchi moja. Mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yaliyotolewa mwaka 2020, yalionyesha kuwa AA, pamoja na tiba zinazomwongoza mtu kujiunga nayo, husaidia watu kukaa bila pombe kabisa sawa na tiba nyingine zilizolinganishwa nayo, au kuzizidi.

Hata hivyo makundi hayafanani. Ipo mikutano ya wazi, ambayo ndugu au mjumbe wa kamati anaweza kuingia na kusikiliza, na ipo ya ndani, kwa wenye tatizo lenyewe tu. Kwa anayeogopa, ule wa wazi ni mlango mzuri, kwani anaweza kusindikizwa. Lugha nayo ina uzito: mkutano wa mjini unaoendeshwa kwa Kiingereza hautamsaidia mtu anayelia kwa Kiswahili. Mama anayekunywa kwa siri hawezi kufungua moyo mbele ya wanaume kumi, mmoja wao akiwa shemeji yake. Atafutiwe kundi la akina mama, au kundi la parokia jirani ambako hajulikani. Tazameni pia saa na njia. Kama kiu humbana saa kumi na moja jioni, mkutano wa saa hiyo unamfaa kuliko wa Jumamosi asubuhi, na kama njia ya kwenda inapita mlangoni pa kilabu, atafutiwe njia nyingine au mwenzake wa kutembea naye. Wazoefu hushauri mtu ahudhurie mara kadhaa, ikiwezekana katika makundi tofauti, kabla ya kuamua.

Yapo makundi ya kuepuka: linalomwamuru mtu aache dawa alizoandikiwa na daktari, linalodai malipo ili mtu aingie, na lile ambalo maneno yake husikika sokoni kesho yake. Mdhamini, yaani mwanakundi mzoefu anayemshika mkono mgeni, kwa kawaida awe wa jinsia moja naye.

Hapa lipo jambo gumu kwa kamati na kwa wafadhili wetu. Tumezoea orodha za mahudhurio, takwimu na picha. Kundi la AA halitatupa hata kimoja, na tusiombe. Katibu wa parokia asikae mlangoni na daftari. AA pia haipokei misaada kutoka nje. Wanachama huchangishana wenyewe, na kwa kawaida hulipia hata chumba wanachokutania. Mfadhili anayetaka kusaidia anaweza kugharimia matibabu ya siku za mwanzo, nauli za wanaotoka mbali, au mafunzo ya wauguzi wa zahanati. Parokia nayo inaweza kutoa chumba chenye mlango usiotazamana na barabara, kwa kodi ndogo, kila wiki bila kukosa. Kukihamisha kikundi kila ipatapo harusi ni kukivunja.

Familia isisahaulike. Al-Anon, iliyoanza mwaka 1951, ni mikutano ya jamaa wa walevi, na mke anaweza kwenda hata kama mume bado anakunywa.

Pasipo kundi karibu, ipo mikutano ya simu na intaneti, iliyoongezeka sana tangu mwaka 2020, na watu wawili wenye nia wanatosha kuanza kukutana. Kamati inayojua kundi katika eneo lake ituletee siku, saa, lugha, na kama ni la wazi au la ndani. Majina ya wanaohudhuria msituletee.