Je, Wajua? Alama Moja Nje ya Geti la Shule ya Vipaji

Matokeo ya darasa la saba au kidato cha nne yakishatoka na orodha ya waliochaguliwa ikabandikwa, mtaa mmoja huwa na nyumba mbili. Moja inapigiwa vigelegele kwa sababu jina la mtoto limeonekana Kibaha, Mzumbe, Ilboru, Kilakala au Msalato. Ya jirani imenyamaza. Mtoto aliyekuwa akisoma na huyo mwenzake chini ya taa moja amejifungia chumbani, kapangiwa shule ya kata. Safu ya leo ni ya nyumba zote mbili.

Je, wajua kwamba Shule ya Tabora, kongwe miongoni mwa shule zetu za vipaji maalum, Waingereza waliikusudia iwe ya watoto wa machifu? Shabaha ilikuwa kuwaandaa warithi wa utawala wa kienyeji. Mwaka 1937 akaingia mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akakaa hadi 1942, kisha akaenda Makerere. Huyo ni Julius Nyerere. Serikali yake ndiyo iliyoyafuta mamlaka ya machifu mwaka 1963.

Na wajua kwamba mhitimu huyohuyo wa Tabora ndiye aliyetoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967? Humo alikosoa elimu inayowaandaa wachache na kuwabandua kutoka kwa wakulima ambao jasho lao ndilo linalowasomesha. Mjadala wa kama shule ya wateule ina faida, na faida hiyo ni ya nani, kwetu hauanzi leo.

Je, wajua kwamba kituo cha elimu cha Kibaha, ilipo shule ambayo wazazi wengi huiota, kilijengwa kwa mradi wa nchi za Nordiki, na Tanzania ikakabidhiwa mwaka 1970?

Tuvuke mpaka. Je, wajua kwamba hadi mwaka 2011 Kenya nzima ilikuwa na shule za kitaifa 18 tu? Alliance, Mang'u, Starehe na wenzao hao wachache ndio waliogombewa na watoto wa nchi nzima. Baadaye serikali ikazipandisha daraja shule nyingine nyingi, idadi ikapita 100. Zilipokuwa 18, kuitwa huko kulikuwa habari ya kijiji kizima: watu wanachangishana, sanduku la bati linanunuliwa, mchungaji anaomba. Hata nafasi zenyewe ziligawanywa kwa wilaya, ili mtoto wa Turkana asishindanishwe moja kwa moja na wa Nairobi.

Je, wajua kwamba mgawo huo wa wilaya ndio uliowapa watafiti nafasi ya kulijibu swali letu? Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye kiini.

Ukimchukua mhitimu wa Alliance ukamlinganisha na mhitimu wa shule ya kutwa, wa Alliance atakuwa mbele. Lakini alikuwa mbele hata kabla ya kuingia. Ndiyo maana alichaguliwa. Utajuaje basi ni shule iliyomjenga au ni mchujo uliomwokota akiwa tayari amejengeka? Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliwafuatilia watoto waliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliokuwa wa alama 500, mwaka 2004, wakaangalia walivyofanya kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, miaka minne baadaye. Waliwatazama hasa walio mpakani. Yupo mtoto aliyepita kizingiti cha wilaya yake kwa alama chache akaingia shule ya kitaifa, na yupo aliyekosa kwa alama chache akaenda shule ya daraja la chini. Hawa wawili ni kama pacha. Anayetofautiana alama moja na mwenziwe hakumzidi akili. Pengine mmoja aliamka na mafua siku ya Kiswahili.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Shule za kitaifa zilikuwa na vifaa bora, na wanafunzi wake walikuwa na alama za juu kuliko wa kwingine. Pamoja na hayo yote, watafiti hawakuona ushahidi wa maana kwamba kuingia humo kuliwaongezea alama za KCSE watoto wale wa mpakani. Aliyeingia na aliyekosa, miaka minne baadaye, walikaribiana mno.

Nina maneno mawili ya kuongeza, nisije nikakupotosha. Kwanza, utafiti wa namna hii unawapima walio mpakani. Mtoto aliyekipita kizingiti kwa alama 40 hauwezi kumsemea sana. Pili, unapima mtihani. Haupimi marafiki, wala ujasiri wa mtoto wa mfugaji anayegundua kwamba anaweza kubishana na mtoto wa jaji, wala mtandao utakaomfaa akiwa na miaka 45. Hayo yapo, na wazazi wanaoyatamani hawajakosea.

Je, wajua kwamba Boston na New York zilitoa jibu linalofanana na la Kenya? Mwaka huohuo wa 2014, Atila Abdulkadiroğlu, Joshua Angrist na Parag Pathak walichapisha uchunguzi wa shule za sekondari zinazochuja kwa mtihani katika miji hiyo miwili. Kwa waliokuwa mpakani, kuzungukwa na wenzao wenye alama za juu hakukupandisha sana alama zao wenyewe. Angrist alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021 kwa mchango wake katika mbinu za kuchambua uhusiano wa sababu na matokeo.

Je, wajua kwamba darasa moja la Bronx High School of Science, lililohitimu mwaka 1950, lilikuwa na Steven Weinberg na Sheldon Glashow, waliogawana Nobel ya fizikia mwaka 1979 pamoja na Abdus Salam wa Pakistan? Leon Cooper, mshindi mwingine wa fizikia, alitoka shule hiyohiyo, na Claudia Goldin, mshindi wa uchumi wa 2023, pia. Ukisikia hivyo unatamani kufunga mizigo. Lakini kumbuka mtego wa Alliance: ukilichuja jiji la mamilioni ya watu ukawakusanya vijana wanaopenda fizikia kuliko chakula, utapata wanafizikia. Sitaki kuivua shule ile sifa yake. Weinberg na Glashow kukutana wakiwa vijana ni jambo kubwa, na kukutana huko ndicho kitu ninachoamini shule ya wateule hutoa kuliko kingine chochote.

Je, wajua kwamba mwaka 2019, kati ya nafasi 895 zilizotolewa kuingia Stuyvesant, shule ya New York inayogombewa kuliko zote, Wamarekani weusi walipata 7? Saba, katika jiji lenye watoto weusi wengi kama lile. Sheria ya jimbo ya mwaka 1971 inataka mlango ufunguliwe kwa mtihani mmoja tu, na wenye uwezo huwapeleka watoto wao tuisheni ya mtihani huo mapema. Mchujo hupima akili, ndiyo, lakini hupima pia mfuko wa mzazi.

Kenya iliwahi kulishika jambo hilo kwa mikono. Je, wajua kwamba katika uchaguzi wa kidato cha kwanza wa 2011 serikali ilipunguza nafasi za watoto wa shule binafsi za msingi katika shule za kitaifa, ili wa shule za umma wapate sehemu inayolingana na wingi wao? Kelele zilikuwa kubwa. Mtoto anapokosa shule kwa sababu ya mahali mzazi alikolipa ada, anaumia, na sidhani ni haki kumbeza. Lakini kumbuka pia mtoto wa umma aliyekuwa akikosa kila mwaka bila yeyote kumpigia kelele.

Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1974, Seoul na Busan zilifuta mitihani ya kuingia sekondari ya juu zikaanza kuwapanga watoto kwa kura. Tuisheni haikufa.

Je, wajua kwamba si kila utafiti unasema shule bora haisaidii? Trinidad na Tobago ni mfano. Kirabo Jackson, katika utafiti wa mwaka 2010, aliona kwamba watoto waliopangiwa shule za juu walifanya vizuri zaidi mitihani yao, na wasichana walinufaika kuliko wavulana. Kwa hiyo anayekuambia shule ni majengo tu, naye kapitiliza.

Utafiti ulionigusa kuliko wote ni wa Romania. Je, wajua kwamba huko, Cristian Pop-Eleches na Miguel Urquiola (2013) waligundua kwamba mtoto akiingia shule bora zaidi alama zake hupanda kidogo, lakini wazazi wake hupunguza kumsaidia kazi za shule? Mzazi anaona kazi imekwisha: shule imempokea. Na watoto walioingia kwa kupenya, wale wa mwisho mwisho kwenye orodha, walijiona wanyonge na wametengwa na wenzao. Nadhani kila mwalimu wa bweni anamjua mtoto huyo. Kijijini alikuwa wa kwanza tangu darasa la tatu. Muhula wa kwanza tu amekuwa wa 87, anaandika barua nyumbani haitaji nafasi yake, anasema chakula ni kizuri.

Hali hiyo ina jina katika saikolojia: athari ya samaki mkubwa katika bwawa dogo, anayejiona mdogo akihamia bwawa kubwa. Herbert Marsh wa Australia ameichunguza kwa miongo. Je, wajua kwamba utafiti wake na Kit-Tai Hau wa mwaka 2003 ulihusisha nchi 26 na vijana zaidi ya 100,000 wa miaka 15? Kati ya watoto wawili wenye uwezo sawa, aliye katika shule ya wenye alama za juu hujiona ana akili kidogo kuliko aliye katika shule ya kawaida. Uwezo uleule, kilichobadilika ni wanaomzunguka.

Je, wajua kwamba mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alipoingia Alliance mwaka 1955, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, alirudi likizo ya kwanza akakuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa kijiji cha serikali? Kwa mtoto kama huyo bweni halikuwa fahari. Lilikuwa paa, mlo na maktaba. Ndiyo maana sikubali hukumu moja kwa watoto wote. Stacy Dale na Alan Krueger walipochunguza vyuo vya Marekani (2002) waliona jambo la jamii hiyohiyo: kwa wengi, chuo cha wateule hakikubadilisha mshahara wa baadaye, lakini kwa watoto wa familia maskini kilibadilisha.

Starehe ilianza 1959 na vibanda viwili vya bati, Geoffrey Griffin akiwakusanya wavulana wa mitaani wa Nairobi. Ilikuja kuwa miongoni mwa shule zinazoongoza nchini Kenya, huku ikiendelea kupokea maskini.

Je, wajua kwamba Peter Tabichi, mshindi wa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019 yenye thamani ya dola milioni moja, hakufundisha shule ya kitaifa? Alikuwa Keriko, shule ya kutwa ya mchanganyiko huko Njoro, Nakuru, yenye kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Wanafunzi wake wa sayansi walifuzu kushindana kimataifa huko Arizona, Marekani.

Na wajua kwamba mwaka 2016 shule iliyoongoza Tanzania katika kidato cha sita ilikuwa Kisimiri, shule ya serikali iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, isiyokuwamo katika orodha ya vipaji maalum? Kibaha, Mzumbe, Ilboru na Tabora Wavulana zote zilikuwa nyuma yake.

Orodha ya shule kumi bora, iliyoipa Kisimiri nafasi hiyo, hatuisomi tena. Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora. Nami naunga mkono. Orodha ile ilitueleza nani amechuja sana. Haikutueleza nani amemfundisha mtoto asiyejua hadi akajua.

Hukumu yangu ni hii. Ikiwa nyumbani hakuna taa wala kitabu, na shule iliyo jirani haina mwalimu wa fizikia, nafasi ya shule ya vipaji ni ya kuuziwa ng'ombe. Ikiwa jirani kuna shule yenye walimu wa kutosha na maabara inayofunguliwa kweli, basi alama moja iliyokosekana haikumnyang'anya mtoto wako maisha.

Mzazi, jina likitoka shule ya vipaji, nunua godoro, ndoo na fagio kama fomu ya kujiunga inavyotaka, mpeleke. Akirudi likizo ni wa 87, usimgombeze. Kaeni mezani mfungue madaftari. Likitoka shule ya kata, siku ya kwanza nenda naye mwenyewe, omba kuonana na mwalimu wa taaluma, umuulize somo la hisabati lina walimu wangapi na maktaba inafungwa saa ngapi.