Maporomoko ya Tenwek yasiwe ya kupigia picha tu

Wanafunzi wengi wanaozuru maporomoko ya Tenwek, katika kaunti ya Bomet, hupigwa picha, wakala mikate yao na kurudi garini. Ziara ya namna hiyo ni hasara. Maji hayo ni ya mto Nyangores, utokao msitu wa Mau na kupita nchi ya majani chai. Tangu miaka ya 1980 yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme wa Hospitali ya Tenwek. Mbele, Nyangores huungana na Amala kuwa mto Mara, unaowanywesha nyumbu wa Masai Mara na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Mwalimu, safari ijayo waulize wanafunzi wako: Mau ukifyekwa, ni nani watakaoumia kwanza?